Mwongozaji wa Pole Pole

Sogea karibu, rafiki, nikusimulie jambo hili taratibu, maana siku hizi nachoka upesi na sina pumzi ya kueleza mara mbili. Jumamosi iliyopita nilikuwa na wanakwaya wangu katika ukumbi wa kanisa, hapa Machakos mjini. Baada ya mazoezi nilitaka wasikie simfonia moja kubwa ya Kijerumani, ya karne ya kumi na tisa, niliyoijua tangu utotoni. Nilitaka waone jinsi waongozaji wawili wanavyoweza kuupeleka muziki ule ule njia mbili tofauti. Wakatoa simu zao. Robo saa haikuisha kabla hawajaonja waongozaji wanane.

"Huyu ako na usingizi, mwalimu," alisema kijana mmoja wa besi. "Turuke mbele."

Wakaruka. Nikafunga daftari langu, nikawaambia tuonane Jumanne. Njiani kwenda nyumbani nilimkumbuka nyanya, ambaye hakuwahi kuruka mbele hata siku moja.

Tuliishi upande wa Wamunyu, mahali pakavu, ambapo mvua ikikosa kunyesha mtu hushangaa kidogo tu kisha akaendelea na kazi. Nyanya alikuwa ameniweka kwake baada ya baba yangu, mwanawe wa kwanza, kufariki. Hakulia mazishini. Alirudi nyumbani, akachukua jembe, akaanza kutengeneza matuta ya shamba yaliyobomoka, na tangu siku hiyo sikumwona akiketi. Alfajiri alikwenda na punda mtoni kuchimba maji mchangani. Akirudi, ni shamba. Akitoka shamba, ni kukoboa mahindi kwenye kinu. Hata akizungumza na mgeni mikono yake ilisuka kiondo. Majirani walimwambia apumzike. Yeye aliwajibu, "Nikiketi nitasikia kila kitu." Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliogopa kwamba siku moja ataanguka huko mtoni, nami nitabaki na punda tu.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nyimbo shule ya misheni. Padri mmoja aliyehamishwa alikuwa amemwachia redio ya kaseti na kaseti mbili. Zote zilikuwa na simfonia ile ile, ila kila moja na mwongozaji wake. Sisi watoto hatukujua mwongozaji ni nani, naye alitueleza kwa subira. Ni yule anayesimama mbele ya wapigaji akiwa na kijiti. Hapigi ala yoyote, lakini ndiye anayeamua mwendo, wapi wavute pumzi, wapi wanong'one.

"Fikirieni muthokoi," alisema. "Mahindi yaliyokobolewa ni yale yale, maharagwe ni yale yale. Lakini wa kwa mama yako na wa kwa mama yake si ladha moja, kwa sababu mmoja anaharakisha moto." Nimefundisha miaka mingi na sijapata maelezo bora.

Kila Jumapili baada ya chakula tulikwenda kwake. Betri, ambazo sisi tuliziita mawe, zilikuwa adimu, kwa hiyo tangu asubuhi tulizianika juu ya mabati ya jiko ili jua lizirudishie nguvu. Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Alituchezea sehemu ya pili tu ya simfonia, ile ya taratibu, kwanza katika kaseti ya kwanza, halafu katika kaseti ya pili. Hakuwahi kubadilisha.

Ilianza na fidla nene za chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Kisha baragumu moja, mbali. Mwongozaji wa kwanza aliipeleka vizuri, bila kusita. Yule wa pili alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila sauti aliiweka chini kama mtu anayetua mtungi, na kabla ya baragumu kuingia alingoja, akangoja tena. Hata sauti zenyewe zilikuwa za chini zaidi, na zilitetemeka kidogo. Mwalimu aligonga uma wake wa sauti, kile chuma cha kupimia sauti, kwenye goti, akausikiliza, akatuambia kwamba okestra za zamani huko Ulaya zilipiga chini. Tukaandika daftarini.

Nyanya alikuja mara ya kwanza kunirudisha nyumbani. Alisimama mlangoni na kiondo chake, vidole vikisuka. Kaseti ya kwanza ikaisha.

"Huyu hajawahi kubeba maji," alisema.

Mwalimu akacheka. "Subiri mwingine, mwaitu." Alimwita hivyo, mama yangu, kwa heshima.

Kaseti ya pili ilipofika katikati niligeuka kumtazama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kiondo kilikuwa sakafuni na mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta. Jioni hiyo alikula akashiba, na kesho yake jua lilitoka kabla hajaamka.

Tangu hapo hakukosa Jumapili. Kila wiki alipumzika robo saa ile moja, na mimi niliihesabu kama dawa. Mwalimu naye alifurahi kupata msikilizaji wa kweli. Walibishana kama watani.

"Lakini wa kwanza anaonyesha umbo lote, mwaitu. Unaona anakoelekea."

"Anakoelekea ni kwake nyumbani, mwalimu. Anataka chai."

Halafu mjomba wangu, aliyefanya kazi kiwanda cha saruji Athi River, akaja likizo. Alimletea mwalimu zawadi: mawe manne mapya, bado yamefungwa kwenye karatasi. Jumapili hiyo hatukuanika kitu. Kaseti ya kwanza ikapigwa, nyanya akasimama mlangoni akisuka, akingoja zamu yake. Ya pili ikaanza.

Fidla ziliingia kwa mwendo ule ule wa kaseti ya kwanza. Baragumu halikungoja mtu. Nyanya aliketi, akainuka, akaketi tena.

"Yule wangu ako wapi?" aliuliza.

"Mwalimu, mzungu wako amepata kazi nyingine?" mjomba akatania, lakini hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliitoa kaseti, akasoma maandishi yake, akairudisha. Akagonga uma wa sauti. Safari hii okestra ya zamani ilikuwa sawasawa na uma. Akatazama redio, akatazama karatasi ya mawe mapya iliyokuwa sakafuni, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo hakutuficha.

"Mawe yalikuwa yakichoka," alisema. "Kila Jumapili yalichoka kufikia kaseti ya pili, ikazunguka pole pole na sauti ikashuka. Miaka miwili nimewafundisha uchovu wa betri."

Nyanya aliokota kiondo na kuondoka. Wiki ile alilima mpaka giza, na Alhamisi nilimkuta ameegemea kinu, amefumba macho. Nilimgusa, akaendelea kutwanga.

Nilitafuta mawe yale ya zamani kwenye shimo la taka la mwalimu. Niliyapangusa, nikayaanika juu ya mabati siku mbili. Jumapili nilimpelekea mwalimu, yakiwa ndani ya kitambaa. Nilidhani atanigombeza, maana yeye alikuwa ametufundisha kusema kweli. Alifungua mgongo wa redio mwenyewe, akabadilisha. Kisha akacheza kaseti ya kwanza yote, ili mawe yachoke vizuri. Nyanya alikuja kwa sababu nilimvuta mkono.

Mwongozaji wake akarudi. Pole pole, chini, akitua kila sauti. Nyanya akaketi. Safari hii mawe yalikuwa karibu kufa, na muziki ulizidi kuchelewa, mpaka baragumu likawa kama mtu anayehema akipanda mlima. Kabla ya mwisho ukasimama. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua mawe mapya.

"Wacha," nyanya alisema. "Najua ni mawe. Hata mimi ni mawe. Wacha hapo."

Tuliketi. Nje njiwa walilia, na mbuzi wa jirani wakapita. Nyanya alilala akiwa amekaa, kichwa ukutani, na hakuna aliyemwamsha.

Mwalimu, nyanya, redio, vyote vimeondoka. Nimemtafuta yule mwongozaji kwenye simu, usiku na mchana, katika rekodi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wako wazuri sana. Wako wanaochelewa kwa ufundi ambao nikiwa na nguvu ningekueleza kutwa nzima. Lakini hakuna aliyengoja vile kabla ya baragumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuipiga vile. Tuliisikia watu wachache, sebuleni, na haikuandikwa popote.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta simfonia moja na waongozaji wawili, na uchague sehemu ya taratibu. Mwite mtu aliyechoka kuliko wote nyumbani kwako, umwekee kiti. Mpigie wa kwanza mpaka mwisho, halafu wa pili mpaka mwisho. Mwulize anamtaka yupi. Umpigie huyo tena, na usimweleze kitu.