Siku Mtani Alipozuia Pilau

Arobaini ya bibi yangu naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata harusi yangu, na mke wangu asisikie. Naikumbuka kwa sababu siku hiyo ndiyo baba alinisikiliza kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa mjini, mtaa wa Ngamiani, nami nilikuwa nimetoka kumaliza darasa la nane. Usicheke. Zama zile darasa la nane lilikuwa jambo kubwa, mtaa mzima ulikujua. Baba alikuwa karani bandarini. Alimwomba mkubwa wake wa kazi anitafutie nafasi ya kusomea ukarani Dar es Salaam, ikapatikana, na kila mgeni aliyeingia kwetu alipewa habari hiyo kabla ya kahawa.

Mimi nilitaka kusomea kilimo. Likizo moja nilikwenda kwa mjomba, Muheza, nikamwona bwana shamba akichukua jicho la mchungwa, kile kichipukizi cha kwenye kijiti, na kulibebesha kwenye mche wa mlimau. Alichanja gamba, akalipachika lile jicho, akalifunga, akaenda zake. Niliporudi likizo nyingine nikakuta tawi la mchungwa limechomoza pale pale. Nilipagawa, sina neno jingine. Nikajaribu mwenyewe kwenye mlimau wa mama uliokuwa uani kwetu, ule aliochumia malimau ya achari. Mara mbili jicho likakauka, mama akaninunia. Mara ya tatu likashika.

Nilipomwambia baba ninachotaka, aliniuliza swali moja tu: babu yako alilima mpaka akafa, alisomea wapi? Kisha akaendelea kula. Niliona ananidharau, na iliniuma sana.

Sasa nikueleze. Sisi ni Wazigua, na Wanyamwezi ni watani wetu. Nyinyi utani mnaujua kwenye mpira, lakini enzi zetu mtani alikuwa na haki zake. Kwenye msiba aliweza kuzuia jambo lolote mpaka apewe kitu, na aliyekasirika ndiye aliyeonekana hana adabu. Mtani wa baba alikuwa Mzee Masanja. Walikata mkonge pamoja ujanani, kabla baba hajapata ukarani. Mzee huyo nilikuwa nimemweleza shida yangu, akacheka tu, nami nikadhani yameishia hapo.

Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha na sufuria ya pilau kufunuliwa pale uani, Mzee Masanja akanyakua upawa na kusimama mbele ya sufuria. Watu wakaangua kicheko. Baba akatoa shilingi, kama ilivyo desturi. Masanja akaisukuma pembeni.

"Pesa zako kaa nazo, Mzigua wee. Leo nataka masikio yako. Mtoto huyu aseme, na wewe usimkatize mpaka amalize. Hapo ndipo watu watakula."

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, mwanangu. Kabla sijafungua mdomo, baba akaninyooshea viganja vyake, vimejaa makovu.

"Hii ni miiba ya mkonge," akasema taratibu. "Nilijifunza kusoma ukubwani ili wewe usishike panga."

Kumbe haikuwa dharau. Alikuwa ananiogopea. Sasa nilijua la kumjibu.

"Baba, panga silitaki. Mlimau ulio nyuma yako una tawi la mchungwa. Nimelipandikiza mimi. Mara mbili lilikufa, na hakuna mtu hapa anayeweza kuniambia kwa nini. Hilo ndilo ninalotaka kwenda kusomea."

Baba akainuka. Akaenda mpaka kwenye ule mti, akachuma jani la tawi langu, akalifikicha na kulinusa. Akachuma la mlimau, akalinusa nalo. Harufu hazikufanana; akalinusa tena la kwanza, na wageni njaa inawauma. Aliporudi hakunitazama.

"Masanja, pakua. Watu wana njaa."

Basi, hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Kesho yake alivaa koti lake zuri akaenda kwa mkubwa wake kuirudisha ile nafasi. Aliambiwa nini huko sijui. Alirudi, akalivua lile koti, na nilijua ameinamisha kichwa kwa ajili yangu. Nikaenda kusoma, nikawa bwana shamba mpaka nilipostaafu. Na baba, mpaka anafariki, kila mgeni aliyeingia kwetu alipewa chungwa la mlimau ule kabla ya kahawa.

Mwanangu, kama moyo wako uko kwenye somo ambalo wazazi hawalitaki, usiwapigie kelele wala usiwatoroke. Tafuta kwanza wanaogopa nini, maana mzazi mwenye hofu anaweza kuonekana kama mzazi mwenye dharau. Anza kulifanya jambo lenyewe kidogo, kwa mikono yako, hata likikushinda mara mbili. Na sauti yako ikiwa ndogo, mwombe mtu mzima ambaye wao hawawezi kumkatiza akusaidie.

Mungu ayafungue masikio ya wazazi wako, na siku watakapogeuka kutazama, akujaalie uwe na tawi la kuwaonyesha.