Uzi Mwekundu Kichwani mwa Mgeni

Shangazi yangu ni msusi, na ukitaka kugombana naye mwambie kusuka ni kazi ya mikono tu. Atakuambia ni kazi ya masikio. Mtu akishakupa kichwa chake, anakupa na yaliyomo ndani. Saluni yake ina viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, draya moja inayonguruma kuliko inavyokausha, na dirisha linalotazama lango la bandari. Kiti cha katikati ni changu. Nilikikalia nilipomaliza shule nikidhani ni kwa muda, na sasa wanangu wawili wanasomeshwa na nywele za watu. Yeye ni dada wa baba yangu, kwa hiyo kwa haki ni shangazi yangu mimi, lakini mtaa mzima umeninyang'anya. Wachuuzi, madereva, hata karani wa forodha mwenye mvi kumzidi, wote wanamwita Shangazi.

Meli za watalii hufika kwetu asubuhi na kuondoka jioni. Abiria wengi hupakiwa kwenye mabasi ya vioo vilivyofungwa, wakazungushwa, wakarudishwa wakiwa hawajanusa hata vumbi letu. Wachache hushuka peke yao, kwa miguu, na hao ndio wanaoacha riziki mtaani. Hao hao ndio waliomkosesha Shangazi usingizi.

Ilianza na mama mmoja aliyekuwa anatembea peke yake, akaporwa mkoba karibu kabisa na mlango wetu. Aliingia saluni goti linavuja damu. Shangazi alimwosha, akamtuliza, akamsindikiza hadi langoni ameshikana naye mkono. Haikusaidia. Habari ilipanda meli, na habari haina kizuizi cha forodha. Kuanzia hapo abiria wakatangaziwa kwamba mji wetu si wa kutembea peke yako. Msimu ule mzima mtaa ulikauka. Fundi viatu alihama, mama wa matunda akawa anakula mtaji wake mwenyewe, na sisi saluni tukabaki kusukana sisi kwa sisi.

"Utafanyaje, Shangazi?" mama wa matunda alisema siku moja, amekaa mlangoni petu na shida zake. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wanaonekana kutoka mbali kwamba ni wageni. Wezi hawana hata kazi ya kutafuta."

Shangazi aliacha kuchana, kitana kimekwama kwenye nywele za mteja. Namjua. Akisimamisha kitana hivyo, kuna mtu atapata taabu.

"Basi kamba tumfunge sisi," akasema. "Hiyo ya mguuni inamwita mwewe. Yetu imfukuze."

Kesho yake alizunguka mtaa mzima, yeye ambaye kwa magoti yake hata kwenda dukani hunituma mimi. Alianzia kituo cha teksi, akaja kwa wachuuzi, akamalizia kwa wale vijana wanaoegemea ukuta bila kazi inayojulikana. Kila alipofika alisema maneno yale yale: mgeni anayetembea peke yake nitamsuka msuko mmoja mdogo juu ya sikio la kulia, wenye uzi mwekundu. Ukiuona uzi huo, huyo ni mgeni wangu. Usimvute mkono, usimkamue, na akipotea mwonyeshe lango.

"Na tusipotii?" dereva mmoja mnene aliuliza, wenzake wakacheka.

"Mimi si polisi, baba. Ila hebu niambie, mkeo anasukwa na nani?"

Walicheka zaidi. Walidhani ni utani.

Dereva yule yule ndiye aliyewafundisha wenzake. Alimbeba mgeni mwenye uzi, akamzungusha mji, akamshusha lango la mizigo ili alipie tena kufikishwa lango la abiria. Mgeni hakulalamika popote, lakini saluni ina masikio. Wiki hiyo mke wa dereva alikuja kusukwa, mdogo wake anaolewa Jumamosi. Shangazi alimkaribisha, akamkalisha, akamfunga shuka shingoni, kisha akalifungua taratibu.

"Mwanangu, leo mikono inaniuma. Kamuulize mumeo inaniuma kwa nini."

Dereva alikuja asubuhi iliyofuata kabla hatujafungua, mkewe amesimama nyuma yake kama askari na mfungwa. Aliomba radhi hata kwangu, ambaye sikuwa na kesi naye. Kuanzia hapo uzi mwekundu uliheshimiwa kuliko taa za barabarani, na kusema kweli taa zetu hazijawahi kuheshimiwa na mtu.

Wageni walirudi kidogo kidogo. Wenyewe kwa wenyewe waliambiana melini: ukishuka peke yako, pitia kwanza kwa yule mama msusi. Shangazi hakuwasuka tu. Kichwa kikiwa mikononi mwake aliwafundisha, nami nikatafsiri kwa lugha yao ya kuokotezaokoteza. Aliwaambia wageuke nyuma kila wanapopita kona, kwa sababu njia ya kurudi ina sura nyingine. Mkoba ukae upande wa ukutani, usikae upande wa pikipiki. Ukitaka kuuliza njia, muulize mtu aliyeshika kazi, maana asiye na kazi anaweza kukufanya wewe kazi yake. Saa ya mkononi ibaki na saa ya meli, hata kama simu inasema vingine. Mwisho aliwageuza dirishani na kuwaonyesha ng'ambo ya barabara.

"Mwambie huko asivuke," aliniambia kila mara. Nami nikamwambia, kila mara.

Huko ng'ambo kulikuwa na kinyozi. Mtaa ulimwita Kimya, na kinyozi asiye na maneno ni kama redio isiyo na betri, kwa hiyo wateja wake walikuwa wachache na wa kudumu. Shangazi alipompelekea habari ya uzi, aliinua macho akasema, "Uzi wa nini?" kisha akaendelea kunyoa. Shangazi alirudi anachemka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huyu hakuwa na pa kumshika. Hakuwa na mke, mama yake alikwishafariki, binti hana, dada hana. Hapakuwa na kichwa hata kimoja cha kumnyima.

Sasa, mwanzoni mwa msimu huu ilikuja meli kubwa kuliko zote tulizozoea. Wakala wake alipita madukani akasema wazi: hii ni mara ya kwanza na ni ya majaribio. Abiria wakirudi salama, meli itakuja msimu mzima. Likitokea la kutokea, kuna bandari nyingine jirani inayongoja kwa hamu. Mtaa ulifagiliwa siku hiyo hata pale pasipofagiliwa. Shangazi aliamka na uzi mwekundu mpya, na moyo juu.

Mgeni wa tatu aliyeingia alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa na adabu nyingi. Alikaa kwenye kiti cha Shangazi, akavua kofia. Kipara! Hakikuwa kipara cha katikati chenye ukingo, kilikuwa kipara kamili, kimeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Saluni nzima ilianguka kwa kicheko. Mteja wangu, mwalimu wa chekechea niliyekuwa nimemsuka nusu kichwa, alicheka mpaka akaniharibia mstari. Mzee naye akacheka, akajipapasa kichwa kama anayetafuta kitu alichokiweka pale zamani.

Shangazi alijiuma mdomo. "Muulize, hataki kwenda na wenzake kwenye basi?"

Nilimuuliza. Akasema tangu mkewe afariki, wanawe wanampeleka huku na huku kama kifurushi, wamemshika kiwiko. Leo anataka kutembea peke yake, na akipotea kidogo, sawa.

"Mwambie apotee kidogo, asipotee sana," Shangazi akasema. Akachukua sindano na kuushona uzi kwenye kofia, juu ya sikio la kulia.

Mchana ulikuwa mkali. Wageni walikwenda wakarudi, nyuzi zao vichwani, mikononi wamebeba vitu vya mtaa wetu. Mama wa matunda aliuza meza yote. Nikaanza kuamini kwamba tumefaulu, mpaka Shangazi aliposimama ghafla dirishani. Mchuuzi wa miwani alikuwa anapita na kofia ya mzee kichwani.

"Wewe! Hiyo umeipata wapi?"

"Upepo umeniletea, Shangazi, kule kona ya benki," alijibu kwa furaha. "Na ina bahati! Tangu niivae, leo hakuna aliyenisukuma. Hata askari wa soko amenisalimia."

Shangazi aliitwaa kofia. Mzee yuko juani, kichwa wazi, hana alama, na katika mtaa mzima hakuna anayejua kwamba ni mgeni wake. Alichukua funguo. "Tunafunga," akasema.

"Na mimi?" mwalimu wa chekechea akauliza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti.

"Wewe una macho. Twende utafute."

Tukatoka watatu. Ndipo nilipomwona Shangazi akitembea njia aliyowatuma wengine kwa miaka. Alisita penye mtaro usio na kifuniko. Alishtuka pikipiki ilipopita karibu na kiwiko. Kina baba walioketi kivulini walipiga kelele za kuita, wakamtambua, wakanyamaza kwa aibu. "Kumbe hapa ndivyo palivyo," alisema, zaidi kwa nafsi yake, na magoti yanamuuma, hasimami. Kwenye kona ya benki hakuna. Sokoni hakuna. Nilimwona akipimwa na kila jicho la mtaa ule, maana wote walijua meli isiporudi mkate wao umekwenda, na neno lililowekwa rehani ni lake.

Honi ya kwanza ya meli ililia. Sitaki kujifanya jasiri, mimi nililia pale pale.

Tulikuwa tumegeuka kurudi kwetu; mwanamke anayeshona mifuko ya viroba mbele kidogo ya saluni ndiye aliyetuambia. "Mzee mwenye kipara? Alipita anashika ukuta kama amelewa. Akavuka ng'ambo."

"Kavuka?" Shangazi alisema.

"Kavuka."

Tulivuka. Mlango wa kinyozi ulikuwa umeegeshwa, siku ya meli, saa ya wateja. Shangazi aliusukuma. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya sabuni. Mzee alikuwa amelala kwenye kiti cha kunyolea kilicholazwa nyuma, taulo la maji limemfunika kipara. Viatu vyake vilipangwa pamoja chini, miguu imeinuliwa juu ya stuli yenye mto. Mkoba ulikuwa tumboni mwake na mikono yake mwenyewe imeukumbatia. Kimya alikuwa amesimama pembeni anampepea kwa kifuniko cha boksi.

"Jua limempiga," alisema kwa sauti ya chini. "Alikaa ukingoni mwa barabara, nikamleta ndani. Nimempa maji yenye sukari na chumvi kidogo. Mkoba nilitaka kuuweka pembeni akaogopa, nikamwachia. Teksi inangoja nyuma. Nilikuwa nasubiri tu aweze kusimama."

Shangazi alishika kofia kwa mikono miwili. "Lakini hakuwa na uzi."

Kinyozi alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka. "Uzi gani?"

Hakuwa anakejeli. Alikuwa amesahau kabisa.

Mzee alifumbua macho, akatuona, akaona nywele za mwalimu wa chekechea, akacheka. Hapo ndipo roho yangu iliporudi mahali pake. Tulimvisha viatu na kofia. Teksi ilitubeba wote tukiwa tumebanana, na langoni alishuka mwenyewe. Alikataa kushikwa kiwiko. Alionyesha kadi yake kwa mlinzi, akageuka akamwinamia kinyozi, akatembea polepole hadi kwenye ngazi ya meli, peke yake, hadi juu.

Meli ilipoondoka hakuna aliyeondoka langoni. Shangazi aliegemea nguzo, amechoka hadi kwenye mifupa. Mwishowe alisema, bila kumtazama mtu.

"Kinyozi. Mimi nimekuwa nikiwaambia wageni wasivuke kuja upande wako. Kila meli."

"Najua," Kimya akasema. "Wengine walikuwa wanafika katikati ya barabara, wakiniona wanarudi."

"Ulijua? Na hukuja kunisema? Hata kunitukana?"

Kinyozi alifikiri. Mtu asiyesema sana huchukua muda kuchagua.

"Ningesema nini, Shangazi? Wote uliowasuka walikuwa wanarudi salama."

Shangazi alilia. Alilia mbele ya madereva, mbele ya karani wa forodha, mbele yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba yangu, na hakujifuta. Nimewahi kumsifu kwa mengi, akili yake, ulimi wake, ile hila ya wake za watu. Siku ile nilimpenda kwa jambo jingine. Alimshika kinyozi mkono, akasema "Nimekukosea, ndugu yangu," kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha teksi, ili waliomsikia akimsema vibaya wasikie na hili.

Meli ile ilirudi wiki mbili baadaye. Wa kwanza kuingia alikuwa msichana mwenye begi mgongoni, peke yake, macho yamemtoka kwa woga. Shangazi alimsuka, akamfunga uzi, akamfundisha kona na saa na mkoba. Kisha akamgeuza dirishani. Nilifungua mdomo kutafsiri maneno niliyoyazoea, lakini alinitangulia, akaonyesha ng'ambo kwa kidole.

"Mwambie akichoka," akasema, "apumzike pale."