Oveni ya gesi kwenye motorhome iliyokuwa inawaka mume akisafiri tu: nilichokikuta Batsinda

Wakuu, nawasalimu kutoka Kigali. Mvua imekata, nimekaa kibarazani na kikombe changu cha chai. Hiyo ndiyo chai pekee mtakayoiona kwenye uzi huu, stori za kutunga hamna. Mengine yote nimeyashika kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa msionifahamu, mimi ni mtu wa Morogoro, nimehamia huku kitambo. Kazi yangu ni majiko na oveni za gesi, mahotelini na majumbani. Kazi hii naijua. Nasema hivyo mapema ili mtu asije kwenye comment kunifundisha kuzibua jiko kwa pini. Tena wewe wa pini, acha hiyo tabia, unaharibu majiko ya watu.

Sasa tuingie kwenye mada.

Kuna mama mmoja anaishi Batsinda, nitamwita Mama Ineza. Ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alikuwa na kazi nzuri ya ofisi, akaiacha. Akanunua motorhome, yaani lile gari lenye nyumba ndani, kutoka kwa wazungu wazee waliokuwa wanaizunguka Afrika. Walipofika Kigali wakachoka safari, wakaliuza gari, wakapanda ndege kwenda kwao.

Ndani kulikuwa na kitanda, sinki, majiko mawili ya juu na oveni ya gesi chini yake. Mama Ineza akang'oa kitanda, akaweka meza ya kukandia unga. Mpango wake ulikuwa kuegesha penye shughuli na kuoka mikate na keki palepale, watu wakinusa harufu.

Mpango mzuri sana. Tatizo oveni haiwaki.

Tuseme vizuri: inawaka, halafu inazima. Unabonyeza kitufe, unakizungusha, unawasha, moto unashika. Ukiachia tu kidole, fyuu, giza.

Alivyonipigia simu sauti ilikuwa ya mtu aliyefika mwisho. Jumapili ile kulikuwa na gusaba huko Kabuga, ile sherehe ambayo familia ya kijana inakwenda kumwomba binti. Binti mwenyewe ni mtoto wa dada yake. Mikate na keki zote alikuwa ameahidi yeye, na ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza ya lile gari.

Na kulikuwa na kubwa zaidi. Mume wake, Papa Ineza, alikuwa ameshapata mnunuzi, bwana mmoja wa Kiyovu mwenye nyumba ya wageni, aliyetaka kuliweka gari bustanini liwe mgahawa. Mke na mume walikaa wakakubaliana: kama oveni haitaoka kwa ajili ya Kabuga, gari linauzwa na Mama Ineza anaanza kutafuta kazi ya ofisi tena. Alikubali kwa mdomo wake. Akaniambia, fundi, nilikubali nikidhani oveni ni kitu cha siku moja.

Mafundi walikuwa wameshapita. Wa kwanza alibadilisha thermocouple, kile kiwaya cha shaba ambacho moto ukikipasha kinashikilia gesi isikate. Wa pili akaibadilisha tena. Wa tatu akasema ni kwa sababu Kigali iko milimani, hewa nyepesi, oveni za wazungu haziwezi.

Wakuu, huyu wa tatu alinikera. Ni kweli mwinuko unaubadilisha moto wa gesi kidogo. Lakini mji mzima huu unapika kwa gesi kila asubuhi, mlima uchague oveni ya Mama Ineza peke yake?

Hata wamama wa kanisani walikuja wakaiombea. Siwacheki, nami ni mtu wa sala. Ila oveni ilikataa.

Nilifika Jumamosi, nayo ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kwa hiyo asubuhi watu wote wako kwenye kazi za mtaa na magari hayatembei mpaka zimalizike. Nilipoingia getini Papa Ineza alikuwa ndio anarudi, buti zina matope, jembe begani. Mtu mpole, mrefu, anafanya kazi serikalini. Alinisalimia kwa adabu, akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akawa ananiangalia.

Gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, karibu kabisa na dirisha la chumba cha watoto. Mtungi wa gesi ulikuwa nyuma, kwenye kabati dogo linalofunguka kwa nje.

Nikaanza na kinachotangulia siku zote. Nikafungua milango na madirisha yote, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira na bomba. Hakuna lililovimba, hakuna panapovuja. Wakuu, msiwahi kutafuta shida ya oveni kabla ya kufanya hilo. Na msitumie kiberiti kutafuta uvujaji, maana kiberiti kitaupata kabla yenu.

Thermocouple ilikuwa nzima, mpya inang'aa. Imekaa mahali pake.

Lakini ule moto wa oveni ulikuwa mdogo mno. Umejikunja, haukifikii kile kiwaya. Kama haukifikii, hakipati joto. Kisipopata joto kinakata gesi, na kwa kweli kinafanya kazi yake vizuri. Mafundi wenzangu walikuwa wanamfukuza mlinzi kazi kwa kosa la kulinda.

Nikawasha jiko moja la juu. Likawaka, si haba. Nikawasha la pili. Palepale la kwanza likasinyaa, yote mawili yakawa yanalialia.

Hapo nikatabasamu. Hicho ndicho kipimo, kiandikeni mahali: ukiwasha la pili na la kwanza likapungua, achana na oveni. Gesi haifiki. Shida iko huko nyuma kwenye mtungi.

Mtungi ulikuwa mzito, umejazwa juzi tu. Nikamuuliza Mama Ineza, hivi siku zote inakataa namna hii?

Akaangalia kule kwenye kigoda. Akaniambia nimfuate upande wa pili wa gari, eti kuna kitu kwenye tairi.

Kwenye tairi hakukuwa na kitu.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ya chini, "hii oveni inawaka Papa Ineza akisafiri."

Nikafikiri anatania. Hapana. Wiki ya kwanza baada ya kununua gari, mume alikuwa Huye kikazi, na oveni ilioka vizuri kabisa. Aliporudi ikafa. Akaenda Musanze, ikafufuka. Karudi, imekufa. Halafu jioni moja Mama Ineza akiwa jikoni alimwona mume wake kupitia dirishani, ameinama kwenye lile kabati la mtungi na tochi ya simu, mikono imeingia ndani. Alipomaliza akafunga kabati polepole, asisikike.

Hakumuuliza. Alikuwa anaogopa jibu. Kichwani ameshaunganisha: mume ana mnunuzi, mume halitaki gari, mume analegeza kitu.

Nitasema ukweli, wakuu. Na mimi nilimshuku. Mtu unaambiwa hivyo, halafu unageuka unamwona yule bwana amekaa kimya anakuangalia, unasema ndiye huyu.

Lakini mimi ni fundi, si baraza la usuluhishi. Nikarudi kwenye kabati na kuanza kutafuta kilicholegezwa. Hakuna. Koki nzima, mpira mzima. Regulator, kile kipunguza nguvu ya gesi, ilikuwa ileile ya gari, ya wazungu, si ya mtaani. Nikaitazama vizuri na kuona ni ile yenye kizuizi ndani. Kizuizi hiki kimewekwa kwa ajili ya ajali: gari likigongwa, mpira ukakatika, gesi ikatoka kwa fujo, chenyewe kinaruka na kufunga njia. Kinabakiza kiupenyo tu.

Kiupenyo. Mnaona tunakokwenda?

Nikamwambia Mama Ineza, nionyeshe asubuhi unaanzaje. Kila kitu, kama mimi sipo.

Akafunga mtungi kwanza, kwa sababu asubuhi huwa anaukuta umefungwa, akidhani ni yeye aliyeufunga jioni. Akaingia ndani, akazungusha kitufe cha jiko, kidogo kilichobaki bombani kikaisha, gesi hakuna. Akasema ndiyo hivyo, huwa nasahau kwamba umefungwa. Akatoka nje, kitufe amekiacha wazi. Akashika koki ya mtungi na kuifungua kwa mzunguko mmoja wa nguvu, kama mtu anayefungulia bomba la kuoshea gari.

Nikasikia tik.

Mlio mdogo sana, lakini niliusikia. Gesi ilikuta bomba tupu, ikakimbia, kizuizi kikadhani mpira umekatika. Kikafunga. Kila asubuhi ya Mungu mama huyu alikuwa analisababishia ajali gari lililosimama.

Jamani, nani kati yetu hafungui mtungi hivyo? Majumbani tunafanya hivyo miaka yote. Usiku unafunga, asubuhi unaupiga mzunguko mmoja, unapika. Regulator zetu nyingi za nyumbani hazina kizuizi hicho, ndiyo maana hatujui.

Swali lililobaki lilikuwa moja. Nilimwita Papa Ineza, mke wake akiwa amesimama palepale, nikamuuliza bila kuzunguka kama ndiye anayeugusa mtungi jioni.

Akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Yego, ndiyo, fundi. Mimi iko nafunga gesi. Kila jioni. Yeye anaacha wazi, na gari iko hapo kwa dirisha ya watoto. Mimi siwezi kulala."

Mama Ineza akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ungesema sitaki gari yako." Akagonga buti moja chini, tope likadondoka. "Na ni ukuri, ni kweli, mwanzo sikutaka. Lakini sikuharibu kitu."

Nilijifanya natafuta spana. Sikuwa nahitaji spana yoyote.

Basi hesabu ikawa wazi. Mume akisafiri hakuna wa kufunga mtungi, bomba linabaki na gesi, kile kiupenyo kinalijaza polepole usiku kucha mpaka kizuizi kinajiachia chenyewe. Asubuhi oveni inawaka. Mume akirudi anafunga, mke anafungua kwa fujo, oveni inakufa. Hakuna mchawi, hakuna mlima.

Nikafunga kila kitu, vitufe vyote, na mtungi. Tukasubiri dakika chache. Nikamwambia Papa Ineza afungue yeye, taratibu, nusu ya nusu, asimame, halafu aendelee. Alifungua polepole hadi mke wake akacheka bila kutaka, akamwambia kwa Kinyarwanda kitu ambacho sitakiandika hapa.

Nikaingia ndani. Nikawasha. Nikaachia kidole.

Moto ukabaki. Bluu, umesimama wima, unakilamba kile kiwaya vizuri. Mama Ineza aliweka mkono mdomoni, akakaa kwenye gunia la unga.

Nikawaambia wote wawili: Papa Ineza yuko sahihi, mtungi ufungwe kila jioni, tena gari lihame pale dirishani. Mama Ineza, usifungue mtungi kabla hujahakikisha vitufe vyote vimefungwa, maana kile ulichokuwa unakiacha wazi siku moja kingemwaga gesi ndani na wewe uko nje. Na kufungua ni pole pole. Basi. Sikubadilisha hata skrubu.

Jumapili nilikwenda Kabuga, nilialikwa. Mikate ilitoka ya moto mpaka wazee wa upande wa kijana wakasahau maneno ya kuombea binti, wakawa wanauliza mkate. Papa Ineza alikuwa amesimama nyuma ya gari na suti yake, anaulinda mtungi kama askari wa benki. Simu ikalia. Kumbe ni yule bwana wa Kiyovu.

"Oya," akamjibu, yaani hapana. "Gari haiuzwi. Iko kazini."

Akakata, akarudi kusimama.

Somo la gesi mmeshalipata. Ukiwa na motorhome, au hata trela yenye jiko, na oveni haishiki, jaribu kufungua mtungi taratibu kabla hujanunua kipuri.

Somo la pili nilipewa na Mama Ineza tulipokuwa tunakunja meza. Aliniambia, "Fundi, oveni hainiumi tena. Kinachoniuma ni kwamba majuma yote yale nilikuwa nampakulia chakula, nakaa naye mezani, na moyoni nimeshamhukumu. Yeye alikuwa anatulinda." Nikamuuliza kama ameshamwambia mumewe hayo. Akasema bado, anatafuta namna ya kuanza.

Kwa hiyo, wakuu wenye ndoa na uzoefu, mnisaidie. Je, amwambie, au jambo hili alibebe mwenyewe? Naomba majibu ya watu wazima, maana link ya uzi huu nitamtumia, na atasoma kila comment.