Mistari Miwili Niliyoifuta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo ningemwachia mnunuzi yeyote kwa bei yoyote, tena bila kubishana. Nimeitembeza miaka mingi, hajatokea wa kuichukua.

Nilikuwa nimetoka kuuza simu sokoni Kyela, nimeingia kwenye kuandika programu. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, hata vidole vya aliyenipa mkono. Wafinyanzi wa Ikombe wakaniomba niwatengenezee ujumbe wa simu. Mnunuzi wa vyungu alikuwa akileta lori Matema, na Ikombe hufikiwa kwa mtumbwi. Wakichelewa kupakia, lori linaondoka na mawimbi ya mchana yanawakuta ziwani. Katibu wao, Bi Tupokigwe, aliishi Matema. Kazi yake ilikuwa kunipigia simu kunitajia siku na saa ya kupakia. Mimi niingize kwenye kompyuta, ujumbe uwafikie wote.

Sasa, kwa nini niumize kichwa? Rafiki yangu Atupele, wa Mwaya, alikuwa ameshaandika kitu kama hicho kwa vikao vya wakulima wa mpunga. Akanipa faili lake bure. Juu kabisa kulikuwa na mistari miwili: wa kwanza jina lake, wa pili onyo kwamba saa iandikwe kama tunavyoitamka, maana programu inaongeza sita yenyewe. Niliona jina, nikawaza wateja wangu wakiliona watasemaje. Nikafuta mistari yote miwili. Ule wa pili, mwanangu, sikuusoma hata mara moja.

Bi Tupokigwe akanitajia saa mbili asubuhi. Mimi, mtaalamu, nikaandika nane, kama kompyuta zinavyopenda. Programu ikaongeza sita zake, ikawa kumi na nne. Ujumbe ukawafikia ukisema saa nane mchana, na saa hiyo lori limeshaondoka. Akina mama wakapakia, wakapiga kasia mpaka Matema, wakakuta alama za matairi. Wakati wa kurudi ziwa likachafuka. Vilivunjika vyungu ishirini na saba. Nilivihesabu mara mbili. Hesabu ile sikukosea.

Kesho yake walikusanyika Matema. Walisema katibu kataja saa ya uongo ili ndugu zake wauze peke yao. Bi Tupokigwe akanigeukia.

"Mwanangu, nilikuambia saa ngapi?"

Alinitajia vizuri kabisa. Nikasema, "Labda hatukusikilizana, mama."

Akawakabidhi daftari la kikundi, ukatibu wake ukaishia hapo.

Siku ya pili nilimpelekea Atupele faili, nikijifanya naomba ushauri. Akauliza mistari ya juu iko wapi. Nikamwambia niliipunguza ili faili liwe jepesi.

"Mistari miwili ilikuwa na kilo ngapi?" akauliza. Halafu, taratibu, "Ulikuwa unaficha jina langu, gwe. Onyo ukalifuta pamoja nalo."

Nilirudi Matema, nikawaita wale akina mama, nikasema yote mbele yao. Walinikaripia, nilistahili. Wakamwomba Bi Tupokigwe ashike tena daftari, akakataa. Nilimfuata nyumbani kwake, akiwa anamenya ndizi.

"Ndaga kwa kuja," alisema. "Kosa lako la kompyuta nimelisamehe. Lakini siku ile nilikuuliza mbele ya watu, na jibu ulikuwa nalo."

Akaendelea na ndizi zake. Daftari hakulishika tena mpaka alipozeeka.

Basi, mwanangu, chukua kazi ya mwenzako, ndivyo sote tulivyojifunza. Ila isome yote kabla hujaibadilisha, uliza iliandikwa kwa ajili ya nani, na jina la aliyekupa liache mahali pake. Ikiharibika mikononi mwako, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale walioumia. Ukisubiri hata siku mbili, kuna kitu cha mtu kinavunjika ambacho huwezi kukirudisha.

Mungu akupe macho ya kusoma hadi mstari wa mwisho, na siku utakapoulizwa, akupe mdomo wa kusema kweli mara ya kwanza.