Jedwali Langu na Fomu ya Chenangat

Nakumbuka Jumapili moja pale Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege, mwanangu, nilipokuwa kijana wa chuo mwenye kalamu mbili mfukoni na mdomo usio na breki. Baada ya ibada tulijaa nyumbani kwa Mama Chenangat, muuguzi aliyetoka wilaya yetu ya Pokot Magharibi, tukila chapati huku ndege zikitikisa madirisha. Miaka hiyo Texas nzima ilikuwa ikibishana: je, vyuo vikichagua wanafunzi, viangalie pia rangi na mazingira ya mtoto, au maki za mtihani peke yake?

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilitoa jedwali la wastani wa maki kwa kila rangi, nililolichapisha maktaba, watoto weusi wakiwa chini, nikalipitisha mkono kwa mkono kama picha za harusi.

"Namba hazidanganyi," nikasema. "Anayeingia kwa kubebwa atashindwa tu."

Kila aliyenipinga nilimjibu. Lo, nilivyojipenda! Sikumwona Chenangat, binti wa mwenyeji wetu, aliyekuwa kwenye kaunta ya jikoni akijaza fomu ya chuo. Alifunika kalamu, akaikunja ile fomu.

"It's okay, Mum," akasema. "Sita-apply. Watasema nilibebwa."

Mama Chenangat akaweka birika chini, akanigeukia akitabasamu, na tabasamu la mama anayekujua tangu nyumbani ni la kuogopwa.

"Pkemoi, wewe uliingia shule ya kitaifa kwa maki gani?"

Nikameza chapati bila kutafuna. Kule Kenya kila wilaya ilikuwa na nafasi zake katika shule za kitaifa. Kwa maki zangu, kama ningekuwa mtoto wa Nairobi, geti la shule ile ningelisikia kwenye redio. Nafasi ya wilaya ndiyo iliyoniingiza.

"Na muhula wa kwanza ulikuwa namba ngapi?"

"Wa mwisho, Mama."

"Na kidato cha nne?"

"Wa tatu."

"Sasa siku ile ya kwanza jedwali lako lingesema nini juu yako? Kutangulia si kufika, kijana. Na nyani haoni... malizia mwenyewe, leo ni Jumapili."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika, hata mimi nilicheka. Lakini fomu ilikuwa bado imekunjwa, na hilo liliniuma sana. Nikaenda jikoni, nikainyoosha kwa kiganja, nikamwomba Chenangat msamaha mbele ya wote. Kesho yake nikampeleka posta kuituma, kwa gari langu lisilo na kiyoyozi, tukitokwa jasho wote wawili.

Sikiza basi, mwanangu. Hesabu zina kazi yake, na katika mjadala ule watu wenye nia njema wako pande zote, kwa hiyo bishana. Lakini wastani wa watu si mtu. Ukishika jedwali, uliza limepima nini na limeacha nini, ukumbuke na ngazi uliyopandia wewe kabla hujaicheka ya mwenzio. Tena tazama ni nani anayekusikiliza kule jikoni.

Siku hizi Chenangat ndiye daktari anayenipima presha. Juzi nilimwambia namba zake hazinijui. "Ni kweli, Uncle," akasema, "lakini namba hii iogope. Punguza chumvi."

Mungu akujalie maki nzuri, mwanangu, na akupe Mama Chenangat wako wa kukuuliza ulipitia mlango gani.