Vidonge vya Bwana Kaptula na kibuyu cha Ta Rwiza: mume wangu alivyotibiwa pombe Bukoba enzi za Mwingereza

Wakuu wa jukwaa, marahaba. Najua hamjanisalimia bado, lakini kwa umri wangu nimeona nijibu kabisa tusipotezeane muda.

Nakaribia miaka tisini. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, miwani puani, hivyo mkiona herufi imeruka mjazie. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na waliokuwepo karibu wote tumeshawazika, kwa hiyo wa kunibishia hayupo.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu, analalamika kaka yake ametoka sober house na amerudia bia wiki ileile. Mkamshukia kaka wa watu mzimamzima. Hana msimamo, hana aibu, sijui nini.

Ngoja niwape ya mume wangu.

Felisiani alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza. Alipelekwa vita vya Malaya (ni nchi, acheni ujinga). Akarudi kwetu upande wa Muleba na medali, buti, na kiu ambayo sijapata kuiona kwa binadamu mwingine.

Mimi nilikuwa binti wa Kashozi, nimelelewa kikatoliki, nimesomeshwa na masista. Niliolewa nikidhani nimepata mume mwenye nidhamu ya kijeshi.

Nidhamu alikuwa nayo kweli. Alikuwa akilewa anaingia kibanjani anapanga migomba foleni. Mgomba ulioinama anaugombeza, anaupa adhabu. Kuna mmoja aliufunga kifungo, akaniambia nisiuwekee samadi mpaka aamue yeye.

Tulicheka sana. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia.

Kisha tukaacha kucheka. Usingizini alikuwa anapiga kelele na kunikaba. Kishindo cha mlango tu, yuko chini ya kitanda. Leo mnaiita PTSD. Sisi tuliita pepo la Keya, na dawa yake kila mtu alimpa ileile: rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwa nyumba ya Kihaya wakati ule, kukosa rubisi ni kama leo kukosa chaji.

Siku moja alitapika damu kwenye ua. Nikajua nitakuwa mjane kabla sijazaa hata mtoto mmoja. Nilimpenda yule mwanamume wakuu, na migomba yake yote. Sikutaka afe.

Jeshi likamwandikia atibiwe hospitali moja pale Bukoba mjini. Nikaenda naye, maana bila ndugu wa kukupikia pale ungekufa kwa uji wao.

Daktari alikuwa Mwingereza aliyepata kuwa daktari wa jeshi. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Kaptula. Magoti yake yalikuwa meupe kuliko shuka za wodi.

Mkalimani wetu alikuwa Bwana Hemedi, mganga msaidizi, Mwislamu wa mjini, asili yake pwani. Mtu safi, mpole, hajawahi kuonja pombe maishani. Kumbukeni hilo, maana ushauri wake ulitoka huko.

Bwana Kaptula akatoa vidonge vyeupe. Akaeleza: ukivimeza hivi, havikufanyi kitu. Lakini ukinywa pombe hata tone, mwili unakugeuka. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia, unatapika mpaka majina ya mababu. Hiyo ya mababu aliongeza Hemedi.

"Ini lako limechoka," Hemedi akatafsiri. "Ukiendelea kunywa, mkeo atakuzika. Vidonge hivi ni mlinzi langoni."

Felisiani akapiga saluti akiwa na pajama.

Na jamani, ikafanya kazi! Kila asubuhi anameza. Jioni Bwana Kaptula anawakusanya askari wa zamani waliokuwa wodini, wanakaa duara, kila mtu anasimulia mambo ya vita. Mimi na wake wa wale askari wengine tulikuwa tunachungulia dirishani na kucheka, madume mazima yanalia. Sasa nasikia inaitwa group therapy na watu wanalipia.

Mume wangu akaanza kulala. Akaanza kula ebitoke, ndizi zetu za kupika, mpaka anaomba tena. Siku moja akanitania kuhusu mguu wangu mkubwa, nikaenda kulia nyuma ya jiko kwa furaha, kwa sababu alikuwa hajanitania tangu arudi.

Ndipo akaja Ta Rwiza.

Ta Rwiza ("Ta" kwetu ni Tata, yaani baba) alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea Felisiani baada ya baba yake kufa. Mzee mrefu, mpole, masikio makubwa. Akapanda lori la kahawa kutoka Muleba na mashangazi wawili, na mapajani amepakata kibuyu cha rubisi, mdomo umezibwa kwa majani. Alikipakata njia nzima kisimwagike.

Sasa vijana mliozaliwa na soda, sikilizeni. Kwetu kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Na anayeleta pombe huonja kwanza yeye, mbele ya watu, kuonyesha kwamba haina sumu. Kisha anakupa. Akishaonja, ukikataa, hujakataa pombe. Umesema mbele ya ukoo kwamba huyu mtu anataka kukuua.

Hakuna "nina dozi". Hakuna "niko kwenye diet".

Ta Rwiza akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akavuta mrija, akameza, akafuta midomo. Akanyoosha kibuyu.

"Akira, mwana wange," akasema. Pokea, mwanangu.

Felisiani akaniangalia. Mimi nikamwangalia Hemedi.

"Si useme tu hapana?" Hemedi akamnong'oneza mume wangu. "Hapana ni neno dogo."

Kwake dogo. Yule mzee ndiye aliyemfundisha Felisiani kutembea. Amwambie mbele ya mashangazi kwamba ni mchawi?

Mume wangu akavuta mrija. Na kwa kuwa ni yeye, hakuvuta kidogo.

Haikupita muda. Macho yakawa mekundu, jasho likamtoka, moyo nauona unaruka kwenye shati. Akatapika, akaanguka. Bwana Kaptula akaja mbio na magoti yake. Mashangazi wakapiga yowe, "Mawe! Mawe!" (kwetu ni "mama yangu!") mpaka wodi ya akina mama wakajibu bila kujua wanamlilia nani.

Ta Rwiza alisimama tu na kibuyu mkononi. Sura yake ile siisahau.

Felisiani alinusurika. Lakini habari ilifika Muleba kabla ya lori: Ta Rwiza amemlisha sumu mtoto wa kaka yake ili achukue kibanja. Ushahidi upo. Amekunywa, ameanguka.

Lakini si naye alionja? Aaa, mchawi ana kinga yake. Ukoo ukikuamulia kuwa una hatia, huna pa kutokea.

Mzee akawa anapita njiani, watu wanahamia upande wa pili. Akileta kibuyu, hakuna anayepokea. Kwa Mhaya wa wakati ule hicho ni kifo, tofauti yake unaendelea kula.

Baada ya siku chache ukoo ukaja Bukoba, wakiongozwa na Ta Kaijage, mzee mwenye sauti kubwa na tumbo la kuiunga mkono. Walikuja kumtoa Felisiani hospitali wampeleke kwa mganga wa kienyeji akatolewe sumu.

Hapo nilichanganyikiwa. Akitoka pale, vidonge vimekwisha, na kwa mganga malipo ya kwanza ni pombe. Nilikuwa namwona kaburini.

Bwana Kaptula akaeleza habari ya vidonge. Hemedi akatafsiri vizuri kabisa.

Ta Kaijage akafikiri. Akauliza, "Yaani Mzungu anampa mtu wetu kitu ambacho akikutana na chakula cha wazee wake, anakufa?"

"Hafi, anaumwa," akasema Hemedi.

"Basi sumu ni hicho kidonge! Walikuwa wawili, Rwiza na Mzungu!"

Nusu ya ukoo ikaanza kumfungasha mume wangu, blanketi la serikali na yote. Felisiani mwenyewe akawanyooshea mikono wamvishe. Askari aliyepigana msituni, mbele ya wazee wake alikuwa kama mtoto.

Mlangoni akatokea Ta Rwiza. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amekonda.

"Nipeni mimi hicho kidonge," akasema. "Kisha Kaijage aniletee pombe yake, aonje yeye, aninyweshe yeye. Nikibaki mzima, mimi ni mchawi, nifanyeni mtakavyo. Nikianguka, mwacheni mtoto apone."

Daktari akakataa. Mzee akakaa sakafuni, akasema atakaa hapo mpaka serikali ya Mwingereza iondoke. Ilikuja kuondoka kweli, lakini isingekuwa wiki ile. Mwisho Bwana Kaptula akampima moyo, akampima kila kitu, akakubali, ila pombe iwe kidogo tena mbele yake.

(NB: msijaribu nyumbani kwa baba zenu wadogo. Nimeonya.)

Akamezeshwa kidonge. Kesho yake mchana uwanja wa hospitali umejaa, utadhani kuna ngoma. Wagonjwa wenye mifupa iliyovunjika wamebebwa kuja kuangalia. Ta Kaijage akatoa kibuyu chake, akaonja kwa madaha, akampa.

Ta Rwiza akanywa. Tukasubiri. Ta Kaijage akaanza kutabasamu.

Kisha mzee akaanza kutoka jasho. Macho mekundu. Akashika kifua, akainama, akatapika juu ya viatu vya Ta Kaijage, viatu vya Jumapili.

 Uwanja mzima ukaangalia vile viatu.

Halafu shangazi mmoja, Mungu amrehemu, akauliza kwa sauti: "Kaijage, umemfanya nini mwenzako?"

Wakuu! Mlipaswa kuona uso wa yule mtu. Ameonja, amempa, mtu ameanguka. Hesabu ileile aliyompigia Rwiza imemgeukia. Na kila mtu alijua walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Ni kidonge!" akapiga kelele Ta Kaijage. "Ai waitu, jamani, ni kidonge! Pombe yangu ni safi! Hemedi, waambie! Bwana Daktari, waambie!"

Aliieleza dawa ile kuliko Bwana Kaptula mwenyewe. Jioni nzima alikuwa anazunguka wodini kufundisha watu ambao hawakumuuliza.

Ta Rwiza wakamlaza kitanda cha jirani na Felisiani. Nilikuwa nawafuta jasho wote wawili, yule wa kulia na yule wa kushoto. Mzee alipoweza kusema, akageuza kichwa.

"Ulijua itakuangusha?"

"Nilijua, Tata."

"Na ukanywa?"

 Felisiani akashika mkono wa mzee wakalia wote, na safari hii sikucheka dirishani, nilikuwa katikati yao nalia kuliko wao.

Sasa tatizo likabaki lilelile. Felisiani atarudi nyumbani. Kutakuwa na harusi, misiba, mavuno, na kila nyumba ina kibuyu. Vidonge vitakwisha siku moja. Atakataa vibuyu vingapi kabla hajawa adui wa kijiji kizima?

Ta Rwiza akaita ukoo pale kitandani, akiwa bado ananuka matapishi. Akatamka kama mkubwa wa nyumba: kuanzia leo, kibuyu cha Felisiani anapokea mkewe. Akinywa mke, amekunywa mume. Atakayemlazimisha mwenyewe, huyo ndiye mchawi. Ta Kaijage akawa wa kwanza kuitikia.

Mambo ya namna hiyo hayakuwepo kwetu. Mzee aliyabuni pale pale.

Basi nikanywa wakuu. Harusi za Kanazi nilikunywa, misiba ya Kaagya nilikunywa, kipaimara, mahari, kila kitu. Nilikaa katikati ya wazee wa kiume navuta mrija kwa niaba ya mume wangu, naye pembeni anatafuna buni zake za kahawa na kusikiliza. Masista wa Kashozi wangeniona wangenipigia rozari.

Mwanzoni walimcheka. Kwa Ta Rwiza aliyekuwa anacheka anaambiwa aondoke, basi wakazoea.

Felisiani hakugusa pombe tena. Tukazaa watoto, akawaona wajukuu, akafa kwa uzee, kitandani kwake, ini lake zima.

Nilichojifunza ni hiki. Dawa ilikuwa nzuri. Daktari alikuwa mzuri, pamoja na magoti yake. Lakini kilichomrudisha mume wangu kwenye pombe si ulevi, ni mtu anayempenda kuliko wote, kwa mkono wa kumtakia heri. Na aliyempokonya kibuyu ni huyohuyo.

Kwa hiyo wewe kijana wa ule uzi: kaka yako alipotoka sober house, nani alimfanyia sherehe ya kumpokea? Na kwenye hiyo sherehe kulikuwa na nini mezani? Usinijibu mimi. Nenda kamuombe radhi.

Wengine semeni yenu hapa chini, hata matusi nasoma. Ila anayetaka kunikaribisha harusini ajue kabisa: bado sijasahau kuvuta mrija.