Siku Niliyokaanga Vitunguu Chini ya Dari

Kitunguu kikikaangwa vizuri kinalia mdomoni. Hivyo ndivyo masista walivyonifundisha jikoni kwao nilipokuwa msichana. Shuleni sikukaa, nilifika mwaka wa pili tu, nikatolewa kwenda kulima, halafu nikapata kazi ya kuosha sahani kwa masista. Unakata kitunguu kwa mviringo, unatenganisha pete zake moja moja, unazipangusa kwa kitambaa mpaka zikauke. Unazigaragaza katika unga mkavu wa ngano, ndipo unazichovya katika uji wa unga. Sista alitia bia katika uji ule. Mimi natia kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kidogo tu, na uji unapanda povu. Mafuta yawe moto sana. Yakiwa ya uvuguvugu, kitunguu kinayanywa na kulegea kama kitambaa cha kudekia.

Siku ile yote hayo niliyakumbuka. Nilisahau moshi unakokwenda.

Ilikuwa wakati wa vita, askari wa huku na askari wa kule wakipokezana mji wetu wa Butembo. Mume wangu alikuwa dereva wa kamio, lori la mizigo. Alipakia vitunguu kule Kirumba, akavipeleka Beni, akarudi na mawese. Safari ya mwisho njia ya Beni ilifungwa na risasi akiwa amekwisha kupakia. Tajiri wake akasema vitunguu vishushwe kwetu na kamio ilale kwake. Basi chumba chetu cha mbele kikajaa magunia mpaka dirishani. Vitunguu vikaanza kuchipua na kutoa maji. Tulilala na harufu ile, tukaamka nayo.

Halafu askari wakaichukua kamio. Waliichukua bila mtu wa kuiendesha, kwa hiyo wakaanza kutafuta madereva nyumba kwa nyumba, wapeleke masanduku ya risasi mbele, njia ya Beni. Dereva wa kwanza waliyemkamata alikwenda na motokari nyingine, na mpaka leo mama yake anamngoja.

Kwa hiyo mume wangu akapanda darini. Dari yetu ilikuwa ya mikeka ya matete chini ya mabati, mtu akijigeuza huko juu vumbi linaanguka. Mama yake alikuwa anakaa nasi, na hatukumwambia. Alikuwa mtu mwema, lakini kila aliyepita njiani alimsalimia na kumpa habari za nyumba yote, hata kuku aliyeacha kutaga. Tukamwambia mwanawe amekimbilia Mangina kwa shangazi yake. Naye akawatangazia wapita njia, "Mutoto wangu alienda Mangina, hata kuniaga hapana." Uongo ule ulitusaidia, maana yeye mwenyewe aliuamini.

Asubuhi hiyo unga wa bundu, ugali wetu, ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na vitunguu, ngano kidogo na mawese. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo niliingiza babula, jiko letu la makaa, ndani ya nyumba. Nikateleka mawese. Mawese ni mekundu. Ukitaka kukaangia kitu kizuri unayaunguza kwanza mpaka yawe meupe, na hapo yanatoa moshi wa kukata macho. Nikasema moyoni, mlango uko wazi, utatoka.

Pete za kwanza zilitoka njano, kavu, zimesimama zenyewe kwenye sinia. Nilipoinua kichwa, askari watatu walikuwa mlangoni, wanachuruzika maji.

"Mama, uko napika nini?" aliuliza mkubwa wao. "Harufu yake ilitushika tangu kule chini kwa daraja."

"Vitunguu, chef," nilijibu, maana hivyo ndivyo tulivyomwita kila mkubwa wa askari.

"Vitunguu tu? Unatuficha nyama."

Mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kusukuma viti. "Mukae, batoto bangu. Mugeni hapana kusimama mulangoni, mvua iko namunyeshea."

Mkubwa akanisogezea sinia. "Onja kwanza."

Hakunitukana. Kwetu watu wanaogopa sumu, na mwenye kupika anaonja mbele ya mgeni. Niliuma pete moja, ikalia kraa, mdogo wao akapigapiga bunduki yake akacheka, "Inapiga kama kalashi!" Wakala. Sinia ikabaki nyeupe.

"Elengi!" alisema mkubwa kwa Lingala, maana yake ni tamu. "Ongeza, mama. Na bwana yako, yule dereva, eko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe akajibu. "Mangina, kwa shangazi yake. Hata kuniaga hapana."

"Koko, uko nasema kweli?" Ndivyo askari wanavyomwita bibi mzee.

"Na uzee huu nikuongopee wewe, unanipatia nini?"

Walicheka. Lakini mkubwa akanyoosha miguu. "Bon. Tutakula mpaka mvua ikatike. Labda bwana atasikia harufu, arudi."

Ndipo nikaona moshi. Haukuwa unatoka. Ulikuwa unapanda kwenye mikeka, unaingia katikati ya matete na kubaki huko. Na mume wangu ana kifua cha kukohoa, tangu utoto.

Nikafikiri upesi. Nilijifanya ninapanga moto, nikatoa makaa na kuyafukia katika majivu. Mafuta yakatulia, moshi ukapungua. Pete nilizotia ziliingia kimya, bila povu, zikatoka nzito, zinadondosha mafuta. Mkubwa aliuma moja, mafuta yakamshuka kidevuni.

"Hii nini tena? Inalala mudomoni kama mulenda!"

"Mama amechoka," alisema wa pili, akachukua bunduki yake ukutani. Walikuwa wanainuka. Nilianza kusali Salamu Maria bila kutikisa midomo.

Lakini mama mkwe wangu alishindwa kuvumilia aibu. Mgeni aondoke kwake anafuta kinywa kwa kuchukia?

"Mukamwana, uko natupatisha haya!" Akanisukuma kwa kiwiko, akachukua mfuniko wa sufuria, akapepea babula kwa nguvu zote, akamwaga makaa mapya juu.

"Mama, acha, mimi nitapika."

"Niache nini? Bangoje kidogo, batoto bangu. Mukamwana wetu leo mikono yake imelala."

"Koko njo anajua kazi," alisema mkubwa, na wakakaa tena.

Nilimfinya mkono. Akanipiga kofi vidoleni. Mafuta yakachemka, yakaanza kutoa moshi kama tanuri la matofali. Akatia pete, zikapiga kelele, akacheka kwa furaha.

Kikohozi kikatoka juu. Kimoja tu, kimemezwa nusu.

Askari wakaacha kutafuna.

"Ni nani?" aliuliza mkubwa.

"Panya, chef."

"Panya ya huku inakohoa?"

Wa pili akainua bunduki, mtutu wake ukagusa mkeka wa dari, vumbi likamwangukia begani. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amesimama na kijiko mkononi. Kikohozi kile alikibeba mgongoni kila msimu wa mvua, mtoto akiwa mdogo, akikisugua kwa mafuta usiku kucha. Hakutazama juu. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua bakuli la pilipili kavu iliyosagwa, akalimwaga lote katika mafuta.

Nyumba ikajaa moto usioonekana. Mkubwa alishika koo. Mdogo akapiga kichwa kwenye mwimo wa mlango akitafuta njia. Mimi nilikohoa mpaka nikapiga magoti, mama mkwe akakohoa, na juu alikohoa au hakukohoa, nani angejua? Kikohozi kilikuwa cha nyumba nzima.

"Koko, uko natuua!" alilia mkubwa, mvuani.

"Kwetu hatukaangi bila pilipili, batoto bangu!" alijibu, machozi yakimtoka.

Hawakuweza kurudi ndani. Mkubwa alisimama uani, anasafisha macho kwa maji ya mvua, anatazama mabati yetu. Alitazama sana. Halafu mtu akapiga kelele kutoka barabarani: "Chef! Tumepata dereva!"

Wakaenda mbio.

Mume wangu alishuka macho yamevimba, hayafunguki. Mama yake alimwosha uso kwa maziwa niliyoomba kwa jirani. "Umefika, mutoto wangu?" alimwambia. "Mangina hawajambo?" Akaendelea kumwosha, na mimi hakunitazama.

Tulisikia kamio yake ikiwaka. Mume wangu akainamisha kichwa upande. Ilipofika mlimani gia ikakwaruza, ikakwaruza tena.

"Hajui kuibembeleza," alisema. "Ni nani?"

Tulijua kabla jua halijazama. Jina lake ninalo, kama ninavyo majina ya madereva wote waliochukuliwa, lakini sitalitaja, watoto wake wapo. Mke wake aliuza maziwa mtaa wa chini. Nilimpelekea gunia la vitunguu, sikuwa na kitu kingine. Alinipa kiti na kisu. Tukakaa wawili mlangoni, tukavimenya, tukisikiliza njia ya Beni.